Wasomaji Wanauliza: Nani Atalinda Majengo ya Zamani ya Miji Yetu?

Barua za mwezi huu zimetoka Mpwapwa, Kondoa, Mvumi, Kongwa na Manyoni, na zote zinauliza habari za nyumba za zamani. Nimezifupisha kwa sababu ya nafasi. Majibu nimeyaandika kutokana na miaka mingi ya kukarabati majengo ya aina hii katika mikoa ya kati, kazi niliyoifanya na mafundi walionifundisha mengi kuliko nilivyowafundisha mimi.

SWALI: Sisi ni wakazi wa mji wa Mpwapwa, kumi na wanne kwa jumla: walimu wastaafu, wenye maduka, fundi seremala mmoja na vijana watatu waliomaliza chuo. Tumeunda kikundi cha kuhifadhi majengo ya kale baada ya kuona duka la zamani, lenye baraza pana na milango mizito ya mbao, likibomolewa kwa siku mbili tu na mbao zake kuuzwa kuni. Baadhi yetu wanasema sheria inalinda kila jengo la kale, kwa hiyo tupeleke malalamiko. Wengine wanasema tusajili kikundi kwanza, kisha tutafute wafadhili. Tuanzie wapi? (Mwalimu mstaafu, Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Poleni kwa kupotelewa na duka hilo. Mbao za namna hiyo, za mti uliokomaa na kukaushwa kwa miaka, hazipatikani tena kwa urahisi sokoni, na kuona zikiishia jikoni kunauma.

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi wanaikosea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halipati ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana ya malikale alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sasa tupige hesabu. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Mpwapwa mwaka 1889, na reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Maduka, makanisa, misikiti, shule na nyumba za watumishi wa serikali zilizobaki katika miji yetu ni za miaka hiyo au za baadaye, kwa hiyo takriban zote ziko nje ya mpaka uliowekwa na sheria. Aliyevunja duka lile huenda hakuvunja sheria yoyote ya malikale. Mkipeleka malalamiko yaliyojengwa juu ya dhana kwamba kila jengo la kale linalindwa, mtajibiwa kwa barua fupi, na mlango mliougonga vibaya mara ya kwanza utakuwa mgumu kuugonga tena.

Njia ya kuomba jengo litangazwe ipo, na Idara ya Malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii ndiyo mahali pa kupeleka ombi. Lakini ombi linahitaji ushahidi: jengo liko wapi, lilijengwa lini, na nani, limetumikaje, lina hali gani, mmiliki ni nani na anasemaje. Hapo ndipo kazi ya kikundi chenu inapoanzia, na hamhitaji mfadhili wala cheti kuianza. Mnahitaji daftari kubwa lenye jalada gumu, futi ya kamba, simu yenye kamera nzuri na vijana wenu watatu.

Kila jengo lipewe kurasa zake. Pigeni picha ya kila upande, halafu za milango, madirisha, kenchi za paa, na sakafu. Mtu asimame kando ya ukuta ili urefu uonekane, na mwaka ujao picha ipigwe mahali pale pale. Pimeni vyumba na kuchora ramani yake hata kwa rula na penseli. Kisha nendeni kwa wazee wakiwa bado wana nguvu za kusimulia. Waulizeni kilichouzwa dukani, nani alikaa uani, maji yalitoka wapi, ukuta upi uliongezwa baadaye. Andikeni jina la msimuliaji na tarehe, kwa idhini yake. Nimewahi kuona hati moja ya mauziano, iliyokunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya kopo la majani ya chai, ikimaliza ubishi wa umri wa nyumba uliodumu miaka.

Pamoja na daftari, mwendeeni mmiliki. Nasisitiza hili kwa sababu vikundi vingi huanza kwa kumlaumu mwenye nyumba, naye akisikia neno "urithi" huona kwamba atanyang'anywa mali yake. Mara nyingi anabomoa kwa sababu paa linavuja, wapangaji wamehama na hana fedha, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba paa lile lingeweza kutengenezwa kwa gharama ndogo kuliko anavyodhani. Mkimpelekea fundi wenu seremala akapande juu na kumwambia kwa ukweli ni kenchi ngapi zimeoza na ngapi ni nzima, mtakuwa mmemfanyia jambo la maana kuliko hotuba.

Usajili ufuate. Mnaweza kujisajili kama asasi isiyo ya kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya atawaelekeza. Endapo mnataka siku moja kikundi kimiliki jengo au kiwanja kwa jina lake, itawapasa kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Vilevile mwoneni afisa utamaduni wa wilaya na diwani wenu mapema, kwa kuwa halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo inayomtaka mwenye jengo la zamani atoe taarifa kabla ya kubomoa ingewafaa ninyi kuliko kusubiri tangazo la Waziri kwa kila nyumba.

Kuhusu majengo ya kuanza nayo, nina rai moja. Msiishie kwenye yale ya Wajerumani na ya wamisionari. Mpwapwa ulikuwa kituo cha misafara kabla ya Mjerumani kufika, kwa sababu ulikuwa na maji, na wapagazi waliokuwa wakielekea Ugogo walipumzika hapo kabla ya kuikabili nyika kavu ya Marenga Mkali. Mwaka 1905 ulianza utafiti wa mifugo ambao jina lake limebaki hadi leo katika ng'ombe wa Mpwapwa. Reli ilipojengwa haikuingia mjini, ilipita Gulwe, na Dodoma ikakua. Historia hiyo ya maji, mizigo, ng'ombe na biashara imo zaidi katika maduka, majosho, visima na nyua za kawaida kuliko katika ngome. Duka mlilolipoteza lilikuwa sehemu yake.

SWALI: Msikiti wetu wa zamani umejengwa kwa mawe na udongo na kupakwa chokaa. Sehemu ya chini ya kuta inamomonyoka, rangi inabanduka, na kuna unga mweupe unaojitokeza kila baada ya mvua. Fundi ametushauri tupige lipu ya saruji nene kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Kamati imeshaanza kuchangisha. Je, tuendelee? (Mjumbe wa kamati, Kondoa)

JIBU: Nawaomba msitishe, na fedha mliyochangisha itunzeni, kwa maana itahitajika kwa kazi nyingine.

Unga mweupe mnaouona ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, nayo hubeba chumvi iliyomo udongoni. Ukuta wa mawe na udongo uliopakwa chokaa huyatoa maji hayo nje taratibu, jua likiwaka yanakauka, na chumvi inabaki juu ambako unaweza kuifagia kwa brashi. Saruji haipitishi unyevu kwa urahisi. Ukiifunika sehemu ya chini, maji hayaachi kupanda: yanatafuta mahali pengine pa kutokea, yanapita nyuma ya lipu hadi juu yake, na sasa uharibifu ulioishia magotini unafika kifuani. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta unaoubeba. Nyumba ya zamani hucheza kidogo kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na ukanda wetu una tofauti kubwa ya hayo mawili, hivyo ganda gumu hupasuka na kuachana na ukuta laini.

Nayasema haya kwa majuto. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa waliopitisha uamuzi wa kupiga lipu ya saruji kwenye nyumba moja ya zamani ya kupokea wageni. Ilipendeza, na tulipongezwa. Baada ya masika ya tatu niliitwa kuitazama. Nilipogonga ukuta kwa kifundo cha kidole ulilia kama debe tupu. Fundi alipotia patasi, bamba zima la saruji likaanguka, na nyuma yake palikuwa na udongo uliolowa kama tope la mfinyanzi. Nilisukuma kidole gumba na kikaingia hadi kwenye kifundo. Ukuta huo ulikuwa umesimama miaka mingi kabla yetu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa ukuta, tazameni maji yanatoka wapi. Angalieni kama paa lina gata, kama gata linamwaga maji mbali au kwenye msingi, kama udongo wa nje umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani, kama kuna bomba la kutawadhia linalovuja au maji ya udhu yanayotuama ukutani. Katika majengo mengi niliyoyaona, mtaro mmoja uliochimbwa vizuri na kupewa mteremko ulipunguza tatizo zaidi ya lipu yoyote. Fedha yenu ianzie hapo. Acheni ukuta ukauke kwa kiangazi kizima, mkiifagia chumvi kila inapojitokeza, na iliyofagiwa izolewe, isiachwe miguuni pa ukuta ikarudi udongoni.

Baada ya hapo pigeni lipu ya chokaa. Nunueni chokaa ya ujenzi, si unga wa kupaka rangi tu, muiloweke kwenye pipa lililofunikwa kwa wiki kadhaa mpaka ilainike kama siagi. Changanyeni sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga safi wa mtoni usio na udongo. Lipu ipigwe kwa matabaka membamba, kila tabaka likipewa siku za kushika, na kwa jua letu ni lazima kuta zifunikwe kwa magunia mabichi, vinginevyo chokaa itakauka kabla ya kukomaa na kugeuka vumbi. Mafundi wavae glavu na miwani, kwani chokaa huunguza ngozi na inaweza kumpofusha mtu.

Fundi wenu msimdharau. Amefundishwa kujenga kwa tofali za saruji, na kwa nyumba hizo ushauri wake ni sahihi. Kazi ya chokaa ina mwendo wake, na wazee wa pwani wanaujua: majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia hatarini mwaka 2004, na baada ya miaka kumi ya kazi yakaondolewa humo. Wilaya yenu yenyewe ina michoro ya miambani ya Kolo iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Msikiti wenu hauna cheo hicho, lakini watu wanasali humo kila siku, na kwangu hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kuutendea kwa uangalifu.

SWALI: Bibi yetu ana tembe, nyumba ya asili ya udongo, aliyojenga na marehemu babu. Kaka zangu wanataka kuibomoa wamjengee nyumba ya bati kabla ya mvua. Bibi amenyamaza tu. Mimi naona tembe ni historia yetu Wagogo. Nifanye nini? (Mjukuu, Mvumi)

JIBU: Kwanza muulize bibi, mkiwa wawili tu, na umpe muda. Kunyamaza kwa mzee mbele ya wajukuu wa kiume wanaotaka kumjengea nyumba hakuna maana ya kukubali, wala hakuna maana ya kukataa. Nyumba ni yake. Akitaka bati, asinyimwe bati ili sisi tubaki na historia.

Akitaka kubaki na tembe, au hata upande wake mmoja, hilo linawezekana bila kuwazuia kaka zako. Wanaweza kujenga nyumba mpya pembeni. Tembe hujengwa kwa nguzo zilizosimikwa, fito na udongo, na paa lake ni la bapa, la miti iliyopangwa, nyasi na udongo juu. Paa la namna hiyo lingekuwa balaa kwenye nchi ya mvua nyingi. Kwetu, ambako mvua za mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 na nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili, lilihudumia vizazi, na ndani yake mchana wa Oktoba hapachomi kama chini ya bati. Linachotaka ni mkono wa kila mwaka: kung'oa majani yaliyoota juu, kuziba nyufa na kuongeza udongo ulioshindiliwa kabla ya mvua ya kwanza. Jambo moja wengi hulisahau ni moshi. Jiko la kuni la ndani lilikausha miti na kuwafukuza wadudu. Jiko lilipohamia nje, mchwa walipata nafasi, na tembe nyingi zilizoanguka baada ya hapo zilisemwa kuwa zimechakaa kwa uzee. Kagua basi miguu ya nguzo kwa kuichoma na ncha ya kisu. Nguzo iliyoliwa inaweza kubadilishwa moja moja bila kuivunja nyumba.

Tembe zilipungua sana mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini na kuhimizwa kujenga nyumba za tofali. Sisemi hivyo kuwalaumu wazazi wetu waliofuata agizo la wakati wao. Nataka tu ujue kwamba iliyobaki imebaki katikati ya mengi. Kwihara, karibu na Tabora, tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 imekuwa makumbusho kwa sababu ya mgeni huyo. Bibi yako ameishi katika yake kwa miaka mingi kuliko Livingstone alivyokaa Kwihara. Hata kama itabomolewa, ipime, ipige picha, na umrekodi bibi akieleza kila chumba kilikuwa cha nani na ng'ombe walilala wapi. Fanya hivyo wiki hii, na unipelekee shikamoo yangu kwake.

SWALI: Hapa Kongwa kuna mzee anayetuhimiza vijana tutunze mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza. Kwa nini tutunze kumbukumbu za mradi wa kikoloni tena ulioshindwa? (Kijana, Kongwa)

JIBU: Swali lako ni la haki. Mradi ule ulianza mwaka 1947 na ukaachwa mwaka 1951, baada ya kuipotezea serikali ya Uingereza zaidi ya pauni milioni 35. Matrekta yaliharibika yakipambana na visiki na mibuyu, mvua hazikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Wenyeji waliijua ardhi hiyo, ila wenye mradi hawakutaka kujifunza kwao. Mimi naona hilo peke yake ni somo linalostahili kuonekana kwa macho, hasa sasa ambapo miradi mikubwa inapangwa tena mbali na watu inaowahusu.

Lakini kuna tabaka la pili, na nadhani ndilo mzee wenu analofikiria. Kuanzia mwaka 1964 majengo yaliyoachwa na mradi huo, pamoja na kituo cha reli kilichokuwa hakitumiki tena, yaligeuka makazi na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA. Vijana wa rika lako, waliotoroka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Angola, walilala, wakafunzwa na kupangwa katika yale yale yaliyojengwa kwa ajili ya mameneja wa karanga. Baadhi yao walizikwa Kongwa, na wakazi waliwatunza, wakawalisha na kuwatunzia siri. Kila ukuta uliobaki hapo una habari mbili, na ukiubomoa kwa kuichukia ya kwanza unaipoteza na ya pili. Kaa na mzee huyo. Muulize nyumba ipi ilikuwa ya nani, kwa sababu ni yeye, na wenzake wachache, wanaoweza kuonyesha kwa kidole.

SWALI: Jengo la shule yetu ya zamani lina ufa juu ya mlango. Tutajuaje kama unaongezeka? (Mwalimu, Manyoni)

JIBU: Chukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, ukigandishe kwa plasta ya jasi pande zote mbili za ufa, kiupitie katikati, na uandike tarehe pembeni kwa penseli. Weka kimoja karibu na kizingiti na kingine juu. Ukuta ukitulia, kioo kitakaa. Ukisogea hata kidogo, kitakatika, kwa kuwa kioo hakinyumbuki. Kikikatika kabla ya mwisho wa masika, wahamishe wanafunzi kutoka chumba hicho siku hiyo hiyo, andika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza, ndipo umwite fundi aanze kuchunguza msingi.